Sauti ya Bernardine na Masufuria ya Nyamianda

Bernardine aliimba kwa kupiga makelele, tena ya kusudi. Alizaliwa Kiringye, bonde la Ruzizi, na baba yake aliongoza korali ya parokia, mtu wa kuimba polepole amefumba macho. Sasa angalia mambo ya Mungu: mtoto wa mtu huyo akaokota kaseti iliyoachwa na kijana mzungu, mgeni wa mapadri, akasikia watu wanabweka huku magitaa yanapigwa kama yamefanya kosa, akasema hii ndiyo yangu. Baba alisikiliza nusu ya wimbo mmoja, akauliza kama wale wagonjwa walipona.

Vita vilipowatoa kijijini, na baba akafia njiani, Bernardine na mdogo wake Claude walipanga chumba Uvira, mtaa wa Nyamianda. Hapo akaunda orkestra ya panki, muziki ule ule wa kaseti, ya kwanza mjini na, wengi walimshukuru Mungu, ya mwisho: gitaa la nyuzi nne, ngoma za mabidoni, yaani madumu matupu ya mafuta, na yeye mbele, nywele zimesimamishwa kwa sabuni. Wimbo wao mkubwa uliitwa "Hatutaki", na maneno yake yalikuwa hayo tu. Watu waliozoea rumba walibeba viti vyao wakaenda zao.

Aliyeteseka zaidi ni Mzee Sévère, shefu wa avenyu, mtu wa kola iliyopigwa pasi, iwe vita au amani. Mara tatu alikuja kukamata mabidoni kwa kosa la kuvuruga utulivu. Utulivu, jamani! Risasi zinalia milimani kila wiki, wenye silaha wanapita wanavyotaka, na bado Sévère alipata karatasi ya kuandika kwamba tatizo la avenyu ni Bernardine.

Mtaa ulikuwa na desturi yake. Wenye silaha wakiingia, nyumba ya kwanza kuwaona inapiga sufuria, ya pili inaitikia, mpaka mtaa mzima unalia na wageni wanaona afadhali waondoke. Desturi nzuri sana. Shida ni kwamba anayeanza ndiye anayejulikana, na anayejulikana ndiye anayerudiwa. Kwa hiyo kila nyumba ilishika mwiko ikamngojea jirani. Mara mbili mbuzi wao walichukuliwa mchana kweupe, mtaa wote umesimama na miko mkononi, kimya kama kanisani.

Ndipo Sévère akaja kwa Bernardine. Alizunguka na maneno, akasifu hali ya hewa, halafu akamwomba awe anaanza yeye, kwa mdomo. Alisema wameshamzoea, na wenye silaha watafikiri ni mazoezi ya orkestra. Bernardine alicheka mpaka akakaa chini. Lakini alikubali, kwa sababu Claude alikuwa ametimiza miaka kumi na saba, na vijana wa umri huo walikuwa wanabebeshwa masanduku ya risasi mpaka juu milimani. Waliorudi walikuwa wachache. Na Bernardine hakubakiwa na ndugu mwingine duniani.

Hivyo ndivyo alivyogeuka mwanaharakati, bila kujijua: yeye anapiga ukelele, mtaa unaitikia, wenye silaha wanaondoka. Shirika moja la amani lilisikia sifa zake, likamwita kwenye semina na kumpa beji. Kwa siku tatu alifundishwa kwamba makelele nayo ni ukatili. Mtu anaongea taratibu, anamtazama mwenzake machoni, anamwambia anamwelewa. Daktari naye akamwonya kwamba koo limechoka, akipiga ukelele mwingine sauti itapotea moja kwa moja. Basi Bernardine akawa mwanamke mpole. Hata nywele akasuka.

Jumamosi moja, siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, watu wote wakiwa barabarani wanazibua mitaro, lori la wenye silaha likasimama. Walianza kuchagua vijana. Claude alikuwa wa nne.

Bernardine alimfuata komanda akiwa na beji yake kifuani. Akamtazama machoni. Akamwambia anamwelewa. Komanda alifurahi kweli. Alisema ni siku nyingi hajaongea na mtu mwenye adabu, kisha akaamuru vijana wapandishwe kwa utaratibu. Claude akaweka mguu mmoja kwenye lori.

Wanawake walikuwa wameshakimbilia milangoni na miko yao, wanangojea.

Bernardine alivua beji, akaitia mfukoni isiharibike, akafungua mdomo.

"Hatutaki!"

"Hatutaki" ya pili ilikatika katikati. Lakini sufuria ya kwanza ilikuwa imeshalia, na aliyeipiga, nani angeamini, ni Sévère. Mtaa mzima ukaitikia, masufuria, majembe, mabati ya nyumba. Dereva alifikiri mji umeinuka, akawasha gari, na vijana wakaruka chini. Claude alifika nyumbani na kiatu kimoja.

Sauti ya Bernardine haikurudi tena. Na ndipo alipokuwa maarufu! Anaalikwa kwenye kila mkutano kwa jina la Sauti ya Nyamianda. Yeye anaandika, Claude anasoma. Claude anasoma kama marehemu baba yao, polepole, macho yamekaribia kufumba, na watu wa viti vya nyuma wanalalamika.

Juzi, mkutanoni, Sévère mwenyewe alisimama, na kola yake.

"Mama, huyu kijana hasikike. Umuambie apige makelele kidogo, kama weye zamani."

Bernardine, aliyekuwa amekaa karibu na Claude, aligeuka akajibu kwa ule mnong'ono uliobaki, na ilibidi wa mbele wawapelekee wa nyuma jibu lake.

"Minye niko namusikia."