Kabati la Leasiotama

Waraka ulitamka rasmi kwamba kumbukumbu zote za maktaba zimehamishiwa kwenye mfumo wa kimataifa, na kwamba katika kuhama huko haikupotea taarifa hata moja. Pelenatete, aliyeorodhesha vitabu pale Apia, Samoa, kwa miaka thelathini na moja, aliubandika ukutani. Karatasi yenye muhuri aliiheshimu, hata isiposema kweli.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, akaingia Fiasili akihema. Saa nne mahakama ingeamua shamba la familia yao ni la nani, na shahidi wake pekee alikuwa kijitabu cha mipaka alichoandika babu yake, Leasiotama, mwaka 1953.

"Dakika mbili tu, dada," akasema Pelenatete, akabonyeza.

Mfumo ukamtoa Leasiotama mmoja, aliyezaliwa 1868. Bwana huyo alikuwa ameandika mahubiri mwaka 1899, nyimbo mwaka 1926, mipaka mwaka 1953, na mwongozo wa kufuga kuku mwaka 2011.

"Babu yako alijaliwa umri."

"Hao ni watu wanne! Leasiotama ni cheo cha ukoo. Akifa huyu, anapewa yule. Nani asiyejua?"

"Mimi najua. Mashine ina kisanduku kimoja cha jina la ukoo, basi wote wakasukumwa humo."

Kwenye kisanduku cha mahali kijitabu kilipo palisomeka: *Kabati la*. Basi. Kisanduku hicho kilikubali herufi kumi tu. Makabati yalikuwa sabini, funguo zote ndani ya ndoo moja.

Akapiga simu kwa wakuu. Akajibiwa kwamba urefu wa kisanduku utajadiliwa mwakani.

"Mwakani nitakuwa nalima kwa nani?" Fiasili akafoka. "Saa tatu hii! Binamu zangu wameshakaa mbele kabisa."

Pelenatete alikuwa amefungua kabati la kumi na moja alipokumbuka kadi za zamani. Zilikuwa zimeamriwa zichomwe, na mlinzi Uili ndiye aliyekabidhiwa. Wakamkuta getini akicheza karata, alama za mchezo akiziandika nyuma ya kadi ya maktaba.

"Uili! Si nilikwambia uchome?"

"Karatasi ngumu hivi, Mama Pele? Hiyo ni dhambi."

Akavuta bati la biskuti. Kadi zilikuwa kwa mpangilio uleule aliozipokea. Pelenatete akachomoa moja, nyuma yake imejaa alama za karata: *Leasiotama wa tatu, jina la ubatizo Ioane, mwalimu. Kabati la chini ya ngazi, nyuma ya ngoma ya bendi.*

"Hapo nilikuwa naongoza," Uili akanung'unika, akizitazama alama zake zikienda.

Kijitabu kilikuwa nyuma ya ngoma. Fiasili alikikumbatia akakimbia bila kuaga, akaingia mahakamani saa nne kasoro dakika tano.

Alasiri Pelenatete akalipekua bati lote. Kadi zilizobaki zilikuwa za A hadi L. Nyingine, Uili alisema, alizitumia kuwasha moto wa kuchemshia kokoa wakati wa mvua.