Kuondoa Vikwazo

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "kuondoa vikwazo", napandwa na hasira upya.

Miaka ile ya soko huria redio haikuwa na neno lingine. Vikwazo vya biashara vitaondolewa, vikwazo vya mkulima vitaondolewa. Mama yangu alikuwa na kikwazo chake anachokijua: geti la mazao kwenye barabara ya kuingia Sumbawanga, ambako mahindi yake yaliwahi kuzuiwa mpaka yakanyeshewa. Kwa hiyo miaka mingi baadaye, geti bado lipo, walipokuja wataalamu wa kampuni moja ya zana za kilimo, wakamuuliza kwa adabu zote, "Shikamoo mama, utaturuhusu tuondoe vikwazo?", aliwajibu kwa furaha, "Marahaba. Ondoeni wanangu, hata leo!"

Wala hawakuwa na habari na geti. Walikuja na kigari kisicho na dereva, kina kamera mbili mbele. Kompyuta yake inalinganisha picha za kamera hizo, inajua kitu kilichoinuka kiko umbali gani, halafu inakikwepa au inasimama. Eti kinaona. Kuona gani! Walitaka kipite kwenye shamba letu kwa sababu liko kando ya barabara, ili wageni wao waliokuja kukinunua wakitazame vizuri. Sasa shamba la Mfipa ni ntumba tupu: vilima vya udongo, nyasi zimefukiwa ndani zioze, maharage juu yake. Kigari kikaingia, kikasimama. Kikageuka, kikasimama tena. Kila ntumba kwake ni kikwazo. Badala ya kuirudisha mashine yao ikafundishwe, wakaita trekta.

Nilifika kutoka mjini nikakuta ntumba zimesawazishwa zote. Maharage yalikuwa yanatoa maua, jamani! Mboga yetu ya mwaka mzima, na mbolea ya ulezi wa msimu unaofuata.

"Nani kawatuma?" nilipiga kelele.

Mkubwa wao, shati limenyooka pasi, akaniambia, "Tulia dada, mama mwenyewe kakubali."

Kakubali nini? Kakubali geti livunjwe! Nilimtukana kwa Kiswahili, hakikunitosha, nikamalizia kwa Kifipa. Sijutii hata tusi moja.

Mama hakutukana. Alitembea mpaka katikati ya lile shamba tambarare, akakaa chini, miguu ameinyoosha, mbele ya kigari kilichokuwa kinakuja.

"Basi na mimi niondoeni," alisema.

Yule mkubwa alitaka kwenda kumnyanyua. Mwenzake akamshika mkono. "Muache hapo hapo. Tuone kama kitamkwepa."

Kigari kikapunguza mwendo, kikasimama karibu na nyayo zake. Kikageuza matairi, kikamzunguka taratibu bila kumgusa, kikaendelea na safari yake. Wageni wakapiga makofi.