Fundi wa Taa na Mbuzi Anayemngoja Masama

Saa tisa alasiri, mkesha wa Krismasi, Thadeus Munuo yuko chini ya dashibodi ya pikapu, anafuata waya kwa vidole. Kinachoonekana nje ni ndala mbili na nusu ya suruali. Simu inaita mfukoni. Hapokei. Anajua ni nyumbani Masama, juu mlimani, na anajua ni habari ya mbuzi wa Krismasi.

Thadeus (46) ni fundi umeme wa magari hapa Bomang'ombe. Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani toka kila kona ya nchi, geti lake halifungwi. Kila mwenye pikapu anataka taa za LED za kuongezea: mbili kwenye bampa, nne juu ya paa. Kufunga ni shilingi elfu sitini, na mwezi huo ndio unaolipa ada za wanawe.

"Wengine wanaogopa ukungu wa kule juu," anasema. "Wengine wanataka tu kijiji kijue wamefika. Mimi siulizi, nafunga."

Tabu ni kwamba anayewamulikia wenzake njia, kwao hufika wa mwisho. Baba yake alifariki mwaka juzi, na kwenye ukoo wao kisu cha kugawa nyama ya Krismasi hushikwa na kifungua mimba, ndiye Thadeus. Mwaka jana walimngoja mpaka giza, wakampa kisu jirani. Jirani, inasemekana, alijipendelea.

Safari hii mama yake, Bibi Theopista, ametoa amri: nyama haikatwi mpaka Thadeus aje. Ukoo mzima unazunguka migombani ukinusa.

Alikuwa ameshafunga sanduku la vifaa Hilda alipoingia na hii pikapu. Hilda hukusanya maziwa ya jioni kwa wafugaji wa Masama. Taa zote zimezima.

"Shikamoo fundi. Najua umefunga."

"Marahaba. Kama unajua, umefuata nini?"

"Ng'ombe hawajui Krismasi. Jioni watakamuliwa, na ukungu umeshashuka."

Thadeus akatazama sanduku, akatazama mlima, akafungua boneti.

Sasa amekiona kilicholiponza gari. Aliyefunga taa za ziada alizipitisha zote kwenye swichi ya taa kubwa, bila relei ya kubeba umeme mwingi wala fyuzi. Swichi imeyeyuka kama jojo iliyotafunwa.

"Huyu naye alikuwa anawahi mbuzi," anasema toka chini. Hilda anacheka, halafu anashusha kioo, maana harufu ya waya ulioungua bado iko ndani ya gari.

Simu inaita tena. Thadeus anaichomoa kwa mkono mmoja, Hilda anaipokea, anamwekea sikioni. Bibi Theopista anasikika mpaka nje: wajomba wamemaliza pombe yote ya mbege, sasa wanamtazama ng'ombe.

"Mama, niko njiani. Nafunga relei tu."

"Njiani hakuna relei," mama anajibu, na kukata.

Angeweza kuunga waya moja kwa moja, kazi ya dakika chache. Anakataa. "Kupanda, Hilda atapanda. Kushuka na maziwa gizani, sina uhakika. Nitakataje nyama roho iko barabarani?"

Basi anavuta waya mpya toka kwenye betri, anaweka fyuzi, anafunga relei, anakwangua rangi ili waya wa athi, wa kurudisha umeme, ushike bodi vizuri. Taa kubwa zinapata swichi mpya, na za ziada zinapata yao. Anawasha. Kuku wa jirani wanatawanyika.

"Panda," Hilda anamwambia. "Njia yetu ni moja."

Kule juu ukungu umelala barabarani kama maziwa yaliyomwagika. Hilda anazima taa za juu ya paa, anaacha za bampa, na ukingo wa barabara unaonekana. Wanapoingia nyumbani, Bibi Theopista amesimama mlangoni, mkono mmoja umekinga macho, mwingine umeshika kisu.

"Zima hizo taa, Thadeus. Unawe mikono."

Akinoa kisu, Thadeus anaonyesha nguzo nne alizosimamisha kando ya barabara, chini ya nyumba. Mwakani, Mungu akipenda, karakana inahamia pale. "Magari ya Desemba yote yanapanda huku. Wanifuate. Mama akiniita nitasikia bila simu."

Kipande cha kwanza anakifunga kwenye jani la mgomba, anampelekea Hilda kwenye dirisha la pikapu. Wajomba wanaguna. Wangune tu; mwenye kisu ni yeye.