Wimbo wa Harusi Yangu

Nakiri: wimbo niliouita wangu kwa miaka mingi si wangu. Shangazi yangu wa mtaa wa Shika Adabu aliutunga kwa ajili ya harusi yangu, akauimba na wenzake, nami baadaye nikaurekodi na kujiita mtunzi. Kila aliyetilia shaka nilimjibu kwa ukali, tena kwa maneno makubwa ya chuo kikuu.

Mwaka huu nikasikia redioni kwamba mtunzi ni prodyuza wa Kisauni aliyenirekodia. Nikamwendea studioni kwa ghadhabu.

"Umetunga nini wewe?"

"Mamangu, bila mdundo wangu hayo yalikuwa maneno matupu," akasema, macho kwenye kompyuta. "Kama nimekuibia, lete shahidi."

Mwizi yule alikuwa na uso mkavu kama wangu. Mashahidi walikuwa shangazi na wenzake, yaani wale wale niliowaibia. Siku tatu nilimtukana prodyuza peke yangu jikoni, maana kumpigia shangazi sikuthubutu.

Siku ya nne akanipigia yeye.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Redio nami ninayo. Nimekwenda kwa huyo kijana wako na wale wenzangu tulioimba harusini. Tumemwimbia wimbo mzima, hata beti ulizozisahau. Wallahi, alizima mashine mwenyewe. Amekubali kuandika jina langu."

"Na langu?"

"Aliuliza. Nikamwambia wewe ulikuwa bi harusi tu."