"Ego" ya Mama Butoyi

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe ya ndizi.

Miaka ile wakimbizi wa Burundi walipokuwa bado kambini huku Ngara, nilikuwa mkalimani. Mimi ni Mhangaza wa Murukulazo, na kwa kuwa Kihangaza na Kirundi ni ndugu, nilijiona najua yote. Siku moja nikampeleka mgeni mwenye kamera kwa Mama Butoyi. Mama huyu alipotezana na mwanawe, Butoyi, wakikimbia vita. Alikuwa na wimbo wa kumbembelezea aliomtungia mwenyewe, na kila jioni aliuimba pale njia ya kambi inapoanzia. Hakuna mwingine aliyeujua. Butoyi angepita, angemtambua mama yake kwa wimbo huo.

Mgeni alikuwa mpole, wala simsemi vibaya. Aliniagiza nimweleze mama kwamba wimbo utawekwa kwenye mtandao, dunia nzima iusikie. Nikaeleza. Kila nikivuta pumzi, mama anaitikia, "Ego." Watu wa mbali watakuona. "Ego." Nikamgeukia mgeni, nikamwambia amekubali. Jioni mama akaimba kama kawaida yake, kamera ikachukua.

Wewe wa kwetu umeshaelewa. "Ego" ni ndiyo, sawa. Lakini mtu akikusimulia jambo, unaitikia "ego, ego" ajue tu kwamba unamsikia. Mama alikuwa ananisikiliza, basi. Nami nilijua, niamini, ila jua lilikuwa kali na nilitaka kwenda kula.

Miezi ikapita. Kwenye duka la intaneti mjini nikaiona ile video. Jina la Butoyi, alilokuwa akilitaja ndani ya wimbo, limekatwa, na chini wameandika: wimbo wa harusi wa Wahangaza. Niliona aibu kubwa. Sikwenda kumwambia.

Wiki iliyofuata, Alhamisi, natoka sokoni Mugoma kwa miguu, saa tisa alasiri, nikamkuta Mama Butoyi amekaa kando ya njia, penye migomba.

"Shikamoo, mama."

Midomo ikacheza, sauti haikutoka. Nikadhani mafua yamemkaba. Mara wimbo wake ukaanza kusikika mfukoni mwangu, ndani ya simu iliyoisha chaji tangu jana yake! Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mama akanyooshea kidole mfuko wangu, akatikisa kichwa taratibu, bila hasira. Bora angenitukana. Kisha sauti yake ikatoka humo humo kwenye simu:

"Mwananje, sinemeye. Mwanangu, sikukubali. Wakiuimba wote, Butoyi atanijuaje?"

Nikainamisha kichwa. Nilipokiinua, hayupo. Nikakimbilia kambini kumwomba radhi. Jirani yake akanitazama kwa huruma.

"Pole, kaka. Tumemzika Jumapili."

Nilikaa chini pale pale, nikalia.

Mgeni nilipomwandikia, aliumia sana, akaifuta video. Lakini watu walikuwa wameshainakili. Majuzi nimeusikia wimbo ule harusini Nyantakara, umewekewa kinanda, watu wanajimwaga. Na mimi tangu siku ile siwezi kutamka "ego". Wazee wakinisimulia jambo nakaa kimya kama gogo, wananiona nina kiburi.

Basi wewe mwenye simu ya kamera, ukienda kwa watu kuchukua nyimbo zao, usiridhike na "ego". Ngoja mwenyewe aseme "ndemeye", nimekubali. Akinyamaza, zima. Maneno ya wimbo ule siyaandiki hapa, sikupewa.

Na wewe Butoyi, kama uko hai na unasoma, siku ukiusikia harusini usicheze. Ni mama yako alikuwa anakuita.