Mgeni Aliyeuliza Jina la Mtoto

Hili lilitokea, na lilitokea kwangu, si kwa shangazi ya rafiki ya mtu. Nimeliandika mara kadhaa nikalifuta, maana shule yangu iliishia darasa la saba na naogopa kutia chumvi. Leo nitasema nilichoona, na pale nisipokuwa na hakika nitakwambia.

Ilikuwa miaka ya tisini, Kariobangi, msimu wa ile mvua iliyokataa kwisha. Nilikuwa nimejifungua binti yangu wa kwanza. Sisi ni Wakamba, na kwetu mtoto hupewa jina siku chache tu baada ya kuzaliwa. Kabla ya hapo, wazee husema, bado si wa watu. Ni wa aimu, wale waliokufa zamani. Binti yangu alikuwa aitwe Ndunge, jina la mama ya mume wangu, na huyo mama ndiye alipaswa kuja kumpa. Lakini mto ulifurika huko Kitui, magari hayapiti. Siku ya jina ikapita hivyo.

"Si umpe tu wewe?" nilimwambia mume wangu, Kyalo.

"Mwaitu atanikasirikia mpaka kaburini." Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama. "Na wewe si umeokoka? Unaogopa nini?"

Kweli, nimeokoka. Lakini mtu anaweza kuokoka na bado akose usingizi, ama?

Jioni moja, Kyalo akiwa kazini, nilikuwa nanyonyesha. Mlango niliuacha wazi kidogo moshi wa stovu utoke. Kuinua macho, bibi mzee ameketi kwenye stuli. Sikusikia hodi. Niseme haki: sikuwa nimelala vizuri tangu nijifungue, huenda nilisinzia akabisha. Akanisalimia kwa Kikamba cha akina susu, nyanya zetu. Nikadhani ni jamaa ya Kyalo. Nikamtilia chai, hakuigusa.

Ndipo nikaona miguu yake. Nje matope yalikuwa yanafika vifundoni. Miguu yake ilikuwa mikavu, imejaa vumbi jekundu, kama aliyetembea kiangazi.

"Mnamwitaje huyu?"

"Bado, susu."

Akacheka kwa upole. "Basi bado ni wetu. Nimetumwa kumrudisha." Akanyoosha mikono.

Niamini, nilimkumbatia kwa nguvu. Na mtoto, ambaye hata shingo haijakaza, aliachia ziwa akageuza kichwa kumtazama. Nikamsikia anapoa mikononi mwangu. Nikalitafuta lile jina la mama mkwe, jina nililolijua kama langu, nikalikosa kabisa. Hapo nje, kwenye mfereji, jirani yangu alikuwa akimfokea bintiye: "We Njeri! Njeri! Anua nguo, mvua hiyo! Ama unangoja uandikiwe barua?"

"Njeri!" nikasema. "Anaitwa Njeri!"

Mtoto akalia. Yule bibi akarudisha mikono mapajani, polepole. "Hilo si la kwetu," akasema, bila hasira. Akainuka, akatoka.

Nilimkimbilia jirani. "Mama Njeri, umeona nani akitoka kwangu?"

"Kwako? Hakuna mtu, mama. Kwani siku hizi unaota macho wazi?"

Lakini alikuwa ameinama akisuuza, kwa hivyo siwezi kukwambia huo ni ushahidi. Vumbi jekundu lilibaki sakafuni. Nililifagia mwenyewe, kwa woga, kabla Kyalo hajarudi.

Barabara zilipofunguka mwaitu akafika, nikamweleza yote. Hakunibishia. Aliuliza tu, "Alikunywa chai yenu?"

"Hapana, mwaitu."

"Basi mtoto ni wenu. Lakini jina likishatajwa mbele yao, halibadilishwi." Akambeba, akamwita Njeri, jina la Kikuyu, na machozi yakamtoka.

Sikupata binti mwingine. Mwaitu alizikwa bila wa kuitwa Ndunge, na wifi zangu hawajanisamehe. Siwalaumu. Hata mimi kuna siku najiuliza, je, kama ilikuwa ndoto tu, na nilimnyima mama wa watu jina lake kwa ajili ya usingizi?

Lakini Njeri alipokuwa mdogo, mvua ikianza, aliacha mchezo wake akaitazama ile stuli. Niliigawa. Sasa ni mtu mzima, na bado anatazama mahali ilipokuwa.

Kwa hivyo wewe uliye na mtoto mchanga, usingoje mto upungue, usingoje pasta, usingoje mtu. Mpe jina, hata la jirani. Na mgeni akikuuliza anaitwa nani, jibu lolote litakalokujia, ila usiseme bado.