Tisini na tisa ya binti yangu ndiyo iliyoniponza

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana wifi yangu yumo humu na anasoma mpaka koma.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na minane, Mtanzania, naishi Toronto, Flemingdon Park, na mume wangu na binti yetu mmoja wa miaka tisa. Hapa nitamwita Neema. Nyumbani Morogoro nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Huku nahudumia wazee wikendi, na siku za kazi namfundisha Neema nyumbani. Shuleni nilimtoa mwenyewe. Alikuwa akimaliza hesabu kabla ya wenzake anapewa picha apake rangi, na kila asubuhi tumbo linamuuma. Alipoanza kusomea nyumbani tumbo likapona, na sasa anafanya hesabu za darasa la saba.

Mume wangu alikubali shingo upande. "Nitajuaje kama anasoma? Nataka alama," alisema. Haki yake. Nikatafuta mtihani wa kununua, mtoto anaufanya nyumbani kwenye kompyuta na msimamizi anamwangalia kwa kamera. Ngazi unachagua mwenyewe. Hapo ndipo nilipokosea, nakiri mbele yenu. Nilijua kabisa Neema yuko mbele, lakini nikamchagulia darasa la nne, la umri wake. Nilitaka alama ya kuwafumba watu midomo, hasa wifi yangu, aliyeniambia mbele ya watu kanisani kwamba nimemfungia mtoto ndani kama kuku wa mayai.

Neema alimaliza kabla ya nusu ya muda. Nikamuuliza kauonaje. Akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba ule mtihani haukumuuliza kitu. Nikacheka.

Majibu yakaja: tisini na tisa, yaani katika kila watoto mia wa umri wake kawapita tisini na tisa. Baba yake akayarusha kwenye kundi la ukoo. Vigelegele vikamiminika kwa sauti kutoka Morogoro na Dodoma. Mama mkwe akauliza, "Kwa hiyo mjukuu wangu kawa wa ngapi darasani?" Darasa lenyewe ni meza yangu ya chakula! Mume wangu akamjibu, "Wa kwanza, mama." Neema alizisikiliza zile sauti tena na tena, na mimi kichwa kikavimba.

Kumbe sikuwa nimejua lolote. Tisini na tisa haikuniambia Jumatatu nifundishe nini. Baada ya Krismasi nikampa mtihani wa majaribio wa darasa la saba, akapata hamsini na nane kwa mia. Jamani, nilifurahi! Mtoto wa miaka tisa kapambana na maswali ya watoto wa miaka kumi na miwili, na kwa mara ya kwanza niliona anakwama wapi. Nikabandika karatasi kwenye friji ili tuanzie hapo.

Mume wangu akarudi kazini, hata viatu vya theluji hajavua, akaiona. "Hamsini na nane? Juzi tu alikuwa na tisini na tisa. Unamfundisha au unamfuta?"

"Baba Neema, huo ni wa darasa la saba."

"Nani kakutuma? Mwalimu gani anamtafutia mtoto kufeli? Mtihani ujao akishuka, Septemba anarudi shule. Basi."

Hayo yote mtoto kasimama mlangoni anasikia.

Nimemweleza mpaka koo limekauka, jibu lake ni moja, "Alama ni alama." Nakasirika. Na kinachoniuma zaidi, siwezi hata kumlaumu sawasawa. Nilipokuwa na chaki mkononi, mtoto wa hamsini na nane nilimsimamisha mbele ya wenzake mimi mwenyewe.

Tangu siku ile Neema si yule. Swali gumu analiruka. Anaomba hesabu za zamani, zile anazozijua, anazimaliza zote kisha ananiletea nimwekee vema. Huyu ndiye aliyekuwa akinigombeza nikimpa rahisi! Wiki iliyopita kaniambia tena tumbo linamuuma.

Sasa Ijumaa hii ndiyo mwisho wa kumwandikisha mtihani mwingine. Fomu nimeshaijaza, limebaki swali la ngazi tu. Nikiweka la saba, atakuwa katikati ya wakubwa zake, nitajua cha kumfundisha, na baba yake atamrudisha kupaka rangi. Nikiweka la nne, tisini na tisa hiyo hapo, nyumba inatulia, na mimi nitakuwa nimemzoesha binti yangu kukimbia asichokijua.

Jana nilikuwa nimeikodolea macho ile fomu, Neema akaja akaegemea bega langu, akaisoma. Kiswahili hukitumia akitaka kunibembeleza tu. Akasema, "Mama, chagua ule wa watoto. Baba atafurahi."

Sijaigusa kompyuta tangu hapo. Ndugu zangu, hasa mliowahi kushika chaki na mnaolea ugenini, nishaurini kabla ya Ijumaa. Msiniambie niombe tu, kuomba nimeshaomba. Niambieni nibonyeze wapi.